Mikono Iliyompa Melki Kikombe

Njiti ya kwanza haikuwaka.

Jastini aliitupa mchangani, akatoa nyingine. Petroli ilikuwa imeshamwagwa kwenye nyasi za paa na kwenye kuta za udongo, na harufu yake ilifunika hata ile ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwa jirani. Devotha Kinunda alikuwa pale pale tulipomwacha: mgongo kaubana mlangoni, mikono kaitanua, uso kwa uso na vijana wa Ngumbo waliokuja kumchoma mwanamke aliyekuwa ndani.

Mwanamke huyo ni Theodosia, mjane wa Melkior Ndimbo. Na Melkior, kwa wewe uliyeanza kutusoma leo, ndiye yule Melki wa Ngumbo ambaye gitaa lake lilisikika redioni nchi nzima. Alirudi kwao mgonjwa, akafa, akazikwa kwa heshima ambayo haijawahi kuonekana ufukweni huku. Miaka ikapita kimya kimya.

Kisha ikaja sinema ya maisha yake. Mwishoni mwa sinema hiyo mke anamtilia mumewe sumu kwenye kikombe, anampa, na anacheka. Ilioneshwa ukumbini Mbinga, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imesambaa kwenye simu hadi ziwani.

Aliyemwigiza mke huyo ni Devotha mwenyewe, msusi wa Mbinga mjini. Tangu siku ile hakuna mteja anayetaka vidole vyake kichwani.

"Toka mlangoni, dada," Jastini alisema. "Sina ugomvi na wewe."

"Unanijua mimi?"

"Sikujui. Toka."

"Nitazame vizuri."

Jastini alimtazama. Njiti ya pili ilibaki mkononi bila kupigwa. Aliyepiga kelele alikuwa mwingine, nyuma kabisa.

"Jamani, ni yeye! Ni yule wa kwenye sinema! Muuaji mwenyewe huyu hapa!"

Umati ulirudi nyuma, kisha ukaja mbele kwa nguvu zaidi. Jiwe likampata Devotha begani. Mguu wake mmoja ulitaka kukimbia. Aliuzuia.

"Ndiyo, ni mimi!" alipiga kelele. "Mliniona wote. Nilimimina, nikakoroga, nikampelekea, nikacheka. Na Theodosia je? Nani hapa alimwona Theodosia akifanya hayo kwa macho yake? Nyoosha mkono!"

Hakuna aliyenyoosha.

"Basi mlichokiona ni hii mikono yangu." Aliinua viganja vyote viwili mbele ya nyuso zao. "Chomeni hii. Mbona mnataka kuchoma nyumba ya mtu kwa kazi ya mikono yangu? Ile haikuwa sumu, ilikuwa unga wa muhogo! Mwenzangu aliyeigiza kufa aliunywa wote, akanawa uso, akaenda kula wali."

Mtu mmoja aliguna, nusu ya kicheko. Jastini alishusha mkono wenye kiberiti. Kwa mara ya kwanza tangu afike pale, Devotha alipumua.

Alipumua mapema mno.

"Msidanganywe!"

Aliyesema hivyo alikuwa Bernadi Ndimbo, mdogo wake marehemu, mtu mnene aliyevaa shati jeupe la kwendea kanisani. Vijana walimpisha apite.

"Sinema haikutoka hewani," alisema. "Yule dairekta aliishi hapa kijijini, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza watu. Alichokiweka mle, aliambiwa."

"Aliambiwa na nani, baba? Na wewe?"

"Mimi nilisema nilichokiona. Asubuhi nilimwacha kaka yangu akiongea, jioni nikaambiwa ni maiti. Tangu huyu mwanamke alipoletwa kutoka kwao Mbuji tulisema hafai. Hakuna aliyetusikiliza."

"Basi tumuulize huyo dairekta mwenyewe."

Devotha alichomoa simu. Mtandao ulikuwepo kidogo. Alimpigia Cuthbert, mtengeneza sinema, yule yule aliyemfuata saluni kwake na kumwambia kwamba ana uso ambao kamera inautafuta. Aliweka spika na kuinua simu juu ya vichwa vyao.

"Devotha! Uko wapi? Nimesikia mambo ya huko si mazuri."

"Niko Ngumbo, mlangoni kwa Mama Theodosia. Kuna watu hapa wana petroli, na wote wanakusikia. Cuthbert, nilikuuliza kama ile habari ya sumu ni kweli, ukaniambia, 'Hii ni sinema tu, wewe igiza.' Waambie na wao hivyo hivyo. Waambie uliitunga."

Simu ilikoroma.

"Cuthbert!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusema niliitunga, kwa sababu sikuitunga. Nilikujibu vile ili usiogope kuigiza." Sauti yake ilishuka. "Mama Theodosia alinitamkia mwenyewe. Sauti yake ninayo. Nilimuuliza nani alimpa Melkior kile kikombe. Akasema, 'Nilimpa mimi. Mkono ulikuwa wangu.' Nikamuuliza ndani kulikuwa na nini. Akasema, 'Kifo.' Devotha, tafadhali, ondoka hapo mlangoni."

Simu ilikatika.

Watu walitazamana. Devotha alihisi mlango nyuma yake umekuwa wa baridi. Alikuwa ametoka Mbinga kuja kumtetea mtu, na mtu huyo alikuwa amekiri kabla hata sinema haijapigwa!

Njiti ya pili iliwaka.

Jastini aliishika kwa uangalifu, akiikinga na upepo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali kuyafuta. Kijana huyu hakuwa mhuni wa kuokotwa njiani. Alikuwa mtoto wa Melkior, aliyezaliwa nje ya ndoa, akalelewa na mama yake Songea.

"Sikuwahi kumwona baba yangu hata siku moja," alisema, kana kwamba anamweleza Devotha peke yake. "Mara ya kwanza kumwona akitembea ilikuwa kwenye hiyo sinema yenu. Na hata huyo hakuwa yeye. Nilikuwa najipanga kuja kumwona. Nilikuwa nimeshapanga. Huyu mama akawahi."

Akanyanyua njiti kuelekea paani.

Komeo likalia. Mlango ulifunguka kwa ndani, na Devotha nusura aanguke chali. Mkono mkavu ulimdaka kiunoni, ukamsogeza kando kama mtu anayesogeza mtoto njiani.

Theodosia alitoka nje.

Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, kitenge chake kimepauka. Hakuwatazama watu. Alitazama upande ambao majani ya migomba yalikuwa yanalalia kwa upepo.

"Mwanangu," alimwambia Jastini, "upepo unapeleka moto kwa jirani. Mle ndani wamelala watoto. Zima hiyo."

Jastini alimkodolea macho. Moto ulimfikia kidoleni. Alitupa njiti, akaikanyaga.

"Kama mnanitaka mimi, nimetoka. Nyumba haijawakosea."

"Ni kweli ulimpa kikombe?" Jastini aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Nilimpa."

"Mmesikia!" Bernadi alipaza sauti. Lakini alikuwa anatazama ziwani.

Walimrukia. Devotha alimwona Theodosia akienda chini bila hata kuinua mkono kujikinga, naye akajitupa juu yake. Teke lilimpata mbavuni, jingine mgongoni. Mtu alimvuta nywele. Chini yake yule mama alikuwa akisali kwa Kimatengo, lugha ya kwao, polepole, kama mtu aliye kanisani.

Kipenga.

Kililia mara ya pili, na miguu iliyowazunguka ikaanza kupungua. Mwenyekiti wa kijiji, Ignatio Haule, alikuwa amefika na mgambo wawili wenye marungu. Alikuwa anahema, maana amekimbia, na umri wake si wa kukimbia.

"Atakayemgusa tena huyu mama nitampakia naye kwenye gari moja! Polisi nimeshawapigia, wako njiani. Kama ameua, mahakama ipo. Ninyi ni nani? Bernadi, mtu mzima kama wewe! Hawa watoto umewatoa wapi?"

Ignatio aliwageukia wale wawili waliolala chini.

"Mama Theodosia, inuka tuondoke. Na wewe, binti, sijui ni nani, inuka pia. Ukibaki hapa hawatakuacha."

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi na dirisha la nondo. Ignatio aliwafungia ndani kwa usalama wao, akasimama mlangoni na mgambo wake. Nje watu walikuwa wanaongezeka. Walisikika.

Devotha alikaa kwenye benchi akishika mbavu. Alikumbuka kwamba tangu afike hajamsalimu yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Theodosia alimtazama kwa muda mrefu, uso, shingo, mpaka mikono. "Kumbe ndiwe uliyekuwa mimi."

"Ni mimi, mama."

"Nilikuona. Mtoto wa jirani alinionesha kwenye simu. Uliigiza vizuri. Kulia ulilia vizuri, kupika ulipika vizuri. Jambo moja tu sikulielewa. Ulipompa kile kikombe ulicheka. Ulicheka kwa nini?"

Devotha aliinamisha uso.

"Waliniambia nicheke."

"Ah." Theodosia alitikisa kichwa. "Mimi sikucheka. Mimi nilimwekea kitambaa kidevuni ili isimwagike."

Alisema hivyo kama mtu anayesahihisha jambo dogo la jikoni.

"Mama, nimetoka Mbinga kuja kukutoa hapa. Nilikuwa na hakika umesingiziwa, na kwamba niliyekusingizia ni mimi. Wateja wangu wamenikimbia, watu wananitemea mate sokoni, nikajiambia si neno, kwa sababu Theodosia hana hatia. Sasa sijui tena. Niambie. Nataka kujua hii mikono yangu iliigiza nini."

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Nitajua kama nilistahili lile jiwe."

Nje mtu alipiga ukuta kwa kigongo, Ignatio akamfokea. Theodosia alisogea kwenye benchi mpaka magoti yao yakagusana.

"Mwenzangu aliporudi huku watu waliambiwa ana presha," alianza, kwa sauti ya chini. "Presha ilikuwepo. Lakini ilimpiga upande. Mkono wa kushoto ulikufa. Unaelewa? Ule wa kubana nyuzi. Ulining'inia tu kama kitambaa. Wa kulia ulibaki, lakini unatetemeka, hawezi kupeleka hata kijiko mdomoni bila kumwaga. Watu wakija kutoka Songea kumtazama, nilimfunika blanketi mpaka kifuani, akawaambia amestaafu, hataki tena muziki. Wakiondoka ananiambia nimwekee gitaa mapajani. Anakwangua nyuzi tupu. Zile zile. Asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa natoka nje, nakwenda kusimama majini nisisikie."

"Sinema haikusema hayo."

"Haikusema. Nilimwambia yule Cuthbert kwamba alipiga gitaa mpaka siku ya mwisho, akakubali." Uso wake ulilegea kidogo. "Siku ile aliniita. Kikombe kilikuwa tayari juu ya kigoda. Akasema, 'Theo, ni dawa yangu, nimeikoroga mwenyewe leo, nimeweza.' Nilifurahi! Nikadhani mkono unapona. Akaniomba nimshikie anywe. Nikamshikia. Nikamwekea kitambaa, nikainua polepole, akameza yote. Akanishukuru. Ndipo nikasikia harufu."

Devotha alijiziba mdomo.

"Nilitaka kukimbia kuita watu. Akanishika kwa ule mkono unaotetemeka. Akasema, 'Sema ni presha. Nakuomba, Theo. Wasinizike kama mbwa.' Wewe ni mtu wa huku, unajua anavyozikwa mtu aliyejitoa uhai mwenyewe. Hakuna anayemlilia. Hakuna wimbo. Na yule alikuwa mtu wa nyimbo. Basi nikasema ni presha."

"Kwa hiyo hukumuua!"

"Kikombe alikishika nani?"

"Mama! Hukujua!"

"Mkono ulikuwa wangu," alisema Theodosia, na hapo sauti yake ilivunjika kwa mara ya kwanza. "Sikumdanganya yule dairekta. Aliniuliza nani alimpa, nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kukaa nalo peke yangu. Aliyeongeza kicheko ni yeye."

"Basi tuseme. Polisi wakifika tuwaambie. Utatoka leo leo!"

"Hutasema."

"Watakunyonga!"

"Mimi ni mzee. Yeye ana kaburi zuri. Watoto wa shule wanapelekwa pale kuimba. Kuna huyu kijana Jastini ambaye jana na leo anajivunia baba yake. Unataka nimwambie kwamba baba yake alimkimbia hata kabla hajaja?" Alimshika Devotha mikono yote miwili, akaibana. "Sikukwambia ili ukaseme. Nimekwambia kwa sababu uliuvaa mwili wangu. Niapie hutasema."

Devotha hakutaka kuapa. Lakini yule mama alikuwa amemng'ang'ania, na macho yale hayakupepesa.

"Naapa, mama."

Ngurumo ya gari ilisikika kutoka barabarani.

*

Askari walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mpole kuliko Devotha alivyotarajia. Alimwamkia Theodosia, akamuuliza kama ameumizwa, akamwomba apande gari kwa ajili ya mahojiano. Hakumfunga pingu. Watu walizomea. Wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja na Theodosia miaka yote hiyo walizomea kuliko wote.

Theodosia alitembea kuelekea kwenye gari, kichwa chini. Alipoinua mguu kupanda, ndala yake moja ilianguka. Hakuna aliyeinama kumwokotea.

Hapo Devotha alishindwa. Wengine mtamlaumu, wengine mtasema mngefanya vivyo hivyo. Alikimbia, akaiokota ile ndala, na badala ya kumpa mwenyewe akaishika juu na kugeukia watu.

"Afande, subiri! Hakumuua! Melkior alijiua mwenyewe!"

Zomeazomea ilikatika.

"Mkono wake ulikuwa umekufa, hakuweza kupiga gitaa tena! Alitia sumu mwenyewe, akamwambia mke wake ni dawa! Huyu mama ameficha miaka yote hii ili marehemu azikwe vizuri, na ninyi mnataka kumchoma!"

"Unamtukana marehemu!" Bernadi alifoka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nani amekutuma? Mtoeni hapa!"

Yule mkubwa wa askari aliinua mkono kuwatuliza, akamgeukia Theodosia.

"Mama, haya anayosema ni kweli?"

Theodosia alimtazama Devotha. Hakukuwa na hasira machoni pale. Kulikuwa na kitu kama huruma, na Devotha alijua kabla hajafungua mdomo.

"Afande, huyu binti ni mwigizaji," alisema, taratibu na kwa sauti iliyofika kwa kila mtu. "Kazi yake ni kudanganya watu, ndiyo anayolipwa. Juzi amewaonesha nikiua huku nacheka. Leo anasema sikuua. Ninyi mtashika lipi?"

Watu waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu waliokuwa na hofu na sasa wamepata pa kuitupa. Hata mgambo mmoja alicheka. Devotha alifungua mdomo, akakuta hana neno hata moja ambalo mtu yeyote pale angeliamini.

Theodosia alichukua ndala yake mkononi mwa Devotha, akaivaa, akapanda.

Gari liliondoka likipanda kilima kwa kishindo cha mawe. Watu walilifuata kidogo, kisha wakatawanyika, wengine wakielekea ziwani, wengine majumbani, wakimwigiza Devotha kwa sauti nyembamba: "Afande, subiri! Afande, subiri!"

Yeye alibaki amekaa kwenye ngazi ya ofisi. Alikuwa ameapa, akavunja kiapo, na hata kukivunja hakukumsaidia mtu. Hakulia. Yaliyompata yalikuwa yamepita kulia.

Kivuli kilisimama mbele yake. Bernadi.

"Amekwambia nini mle ndani?"

"Baba, niache. Umeshasema nimemtukana marehemu."

"Nijibu. Amekwambia nini kuhusu kikombe? Amesema kaka alimwomba amshikie?"

Devotha aliinua uso polepole.

Alirudia kichwani kila neno alilolitamka mbele ya umati. Alisema Melkior alijiua. Alisema alimwambia mkewe ni dawa. Habari ya kushikiwa kikombe hakuigusa. Hakuna aliyeijua, ila mwanamke aliye ndani ya lile gari na mtu aliye kaburini.

"Wewe umejuaje kwamba alishikiwa?"

Bernadi alirudi nyuma. Mkono wake ulikwenda kwenye kola ya lile shati jeupe, ukaivuta kama inayombana.

"Umejuaje, baba?"

Alitazama kulia na kushoto. Uwanja wa mbele ulikuwa mtupu. Kisha akakaa chini mavumbini, mtu mzito kama yule, na shati lake la kanisani.

"Aliniomba mimi kwanza," alisema.

"Lini?" Devotha aliuliza.

"Asubuhi ile. Mtu mwingine wa kumwomba alikuwa nani? Mimi ni mdogo wake. Akanionesha kikombe, akaniambia mkono hauwezi kukipandisha, nimshikie tu, nigeuze uso kama sitaki kuona. Nikakataa. Nikamwambia umelaaniwa. Nikatoka mbio, nikapanda basi, nikasema nakwenda Kitai kununua mahindi. Nilikuwa huko nilipopigiwa simu ya msiba."

"Na hukumwambia mkewe?"

"Niliogopa."

"Hukumwambia kwamba kikombe kiko tayari ndani ya nyumba yake!"

"Nilijua atamgeukia yeye," Bernadi alisema, na sasa alikuwa analia kwa mdomo wazi, kama mtoto. "Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine. Nilijua, na nikaenda zangu. Miaka yote hii nikimwona huyo mwanamke anapita na ndoo yake najiona mimi. Sinema ilipokuja ikasema ni yeye, nikashukuru. Nikasema sasa kumbe itakwisha. Akiondoka yeye, itakwisha."

"Ndiyo maana ukaja na petroli."

Bernadi aliinamisha kichwa.

"Inuka," Devotha alisema, akisimama. "Inuka, tunalifuata lile gari. Utasema maneno haya haya mbele ya afande."

"Wataniua hapa kijijini."

"Na yeye je?"

Bernadi alifuta uso kwa mkono wa shati, akatikisa kichwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imekauka. "Nani atakuamini? Wewe ni mwigizaji. Mimi sijasema kitu."

Mchanga ulikwaruza kwenye kona ya ofisi.

Jastini alikuwa amesimama pale, ameegemea ukuta kama mtu aliyepigwa. Alikuwa amerudi kumwomba Devotha msamaha kwa lile jiwe la wenzake. Nyuma yake walikuwa wale wenzake wote wa asubuhi, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Baba mdogo," alisema, kwa upole uliomtisha Devotha kuliko kelele zote za siku ile, "rudia ulichosema. Rudia kwa sauti. Hawa wa nyuma hawakusikia."